Augustus alivyozima uhuru wa Roma bila kufuta cheo hata kimoja

KATIBA yasema Wakenya watapiga kura Jumanne ya pili ya mwezi Agosti, kila mwaka wa tano. Hilo unalijua. Lakini je, umewahi kujiuliza mwezi huo ulipata wapi jina lake?

Ni jina la mtu. Mwaka wa 8 Kabla ya Kristo (KK), Seneti ya Roma iliamua mwezi uliokuwa ukiitwa Sextilis uitwe Augustus, kwa heshima ya kiongozi wa wakati huo. Mwezi unaoutangulia, Julai, tayari ulikuwa umepewa jina la Julius Caesar, aliyemfanya Augustus mwanawe kupitia wasia.

Kwa hivyo sisi hupanga foleni alfajiri katika mwezi wenye jina la mtu ambaye, kwa miaka 40, aliacha uchaguzi uendelee Roma huku akihakikisha hautamwondoa yeye. Hakuvunja Seneti. Hakufuta vyeo. Hata alikataa kuitwa mfalme.

Kisa hiki kiliwanyima usingizi wasomi wa Ulaya kati ya miaka ya 1500 na 1750. Hao walikuwa watu wanaoishi chini ya wafalme, wanaoona vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wengine wao waliwahi kulala jela kwa sababu za kisiasa. Waliirudia Roma mara kwa mara wakiuliza swali moja: watu huru hupotezaje uhuru wao, na kwa nini wengi hawang'amui mpaka umeshakwenda?

Hawakukubaliana kuhusu jibu. Na ugomvi wao ndio unaokufaa wewe, hata kama somo la historia lilikuwa likikupa usingizi shuleni.

Vyeo vile vile, mwenye nguvu mmoja

Tuanze na Roma yenyewe. Kwa mapokeo ya Waroma, walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka wa 509 KK na kuapa kwamba hawatatawaliwa tena na mtu mmoja. Wakaweka makonsuli wawili, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake, na wote wakiondoka baada ya mwaka mmoja. Wakaweka matribuni, watetezi wa makabwela, waliokuwa na uwezo wa kusema "nakataa" na jambo likakwama. Wakawa na Seneti, neno linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzee. Yaani baraza la wazee. Seneti yetu ya Nairobi ilirithi jina hilo.

Dharura ikitokea, waliteua dikteta. Ndiyo, hicho kilikuwa cheo halali. Lakini kikomo chake kilikuwa miezi sita.

Usidhani ilikuwa peponi. Kulikuwa na watumwa, wanawake hawakupiga kura, na kura za matajiri zilikuwa na uzito kuliko za maskini. Hata hivyo, hakuna mtu mmoja aliyeshika kila kitu.

Kisha zikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Caesar alivuka mto Rubicon na jeshi lake mwaka wa 49 KK, akafanywa dikteta wa maisha mwanzoni mwa mwaka wa 44 KK, na Machi 15 ya mwaka huo akauawa kwa visu mbele ya maseneta. Vita vilirudi. Mshindi wa mwisho, baada ya mapigano ya baharini ya Actium mwaka wa 31 KK, alikuwa yule mrithi wake kijana.

Huyu alijifunza. Caesar aliuawa kwa sababu alionekana wazi anataka kuwa mfalme. Kwa hivyo mwaka wa 27 KK yeye alisimama mbele ya Seneti akatangaza kwamba anarudisha mamlaka. Seneti ikamsihi abaki. Ikampa kwa miaka kumi majimbo yaliyokuwa na sehemu kubwa ya jeshi, na jina jipya, Augustus. Miaka kumi ilipoisha, iliongezwa.

Ujanja mkubwa zaidi ulikuja mwaka wa 23 KK. Aliachia ukonsuli, na badala yake akapewa uwezo wa tribuni bila kuwa tribuni. Umeona? Cheo kiko kule, wengine wanakigombea, wanafanya kampeni. Nguvu ya cheo iko kwake.

Mwanahistoria Mroma, Tacitus, aliyeandika karibu miaka mia moja baadaye, alieleza hali ilivyokuwa Augustus alipokufa mwaka wa 14 Baada ya Kristo (BK). Majina ya vyeo yalikuwa yale yale. Vijana wote walikuwa wamezaliwa baada ya Actium. Ni wangapi waliobaki, aliuliza Tacitus, waliowahi kuiona jamhuri kwa macho yao? Mwaka huo huo, chini ya mrithi Tiberius, uchaguzi wa maafisa ulihamishwa kutoka kwa wananchi hadi kwa Seneti. Watu walinung'unika kidogo tu, basi.

Hebu jiweke mahali pao. Una miaka 22. Tangu uzaliwe umemjua kiongozi mmoja, na kila mwaka kuna uchaguzi, kuna sherehe, kuna Seneti. Utajuaje kuna kitu kilichopotea?

Sehemu hiyo ya kazi ya Tacitus ilikuwa imepotea kwa karne nyingi. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka wa 1515, na baada ya muda ikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana Ulaya, na wafalme kwa upande mmoja, na wapinzani wao kwa upande mwingine. Kila mmoja alitafuta mbinu zake humo.

Machiavelli: Ogopa muda wa nyongeza

Niccolò Machiavelli unamjua kwa sifa mbaya. Jina lake limekuwa kama tusi la siasa, kwa sababu ya kitabu chake kifupi cha kuwashauri watawala. Lakini mtu huyu alikuwa mfanyakazi wa Jamhuri ya Florence kuanzia mwaka wa 1498. Familia tajiri ya Medici iliporudi madarakani mwaka wa 1512, alifutwa kazi. Mwaka uliofuata alitupwa jela na kuteswa kwa kamba, akishukiwa njama.

Alikuwa amezaliwa wakati Medici hao wanaitawala Florence kutoka nyuma ya pazia, huku vyeo vya jamhuri vikiwa vimebaki. Kwa hivyo habari za Augustus hazikuwa ngeni kwake.

Katika kitabu chake kirefu kuhusu Roma, kilichochapishwa mwaka wa 1531 akiwa tayari amekufa, Machiavelli anasema jambo linaloshangaza. Cheo cha dikteta, anasema, hakikuiua Roma. Kilikuwa na kikomo, na kiliisaidia nchi wakati wa hatari. Kilichoiua ni kitu kilichoonekana cha kawaida kabisa, yaani kumwongezea kiongozi muda.

Mfano wake ni wa mwaka wa 327 KK. Konsuli Publilius Philo alikuwa ameuzingira mji mmoja karibu na Naples ya leo. Ushindi ulikuwa karibu, lakini muhula wake nao ulikuwa unaisha. Seneti ikaona, kwani kuna haja gani ya kumtoa sasa? Mwache amalize kazi. Uamuzi wa busara, si ndiyo?

Ndiyo. Na hapo ndipo penye mtego. Roma ilipopigana mbali zaidi, nyongeza zikazidi. Mtu akikaa na jeshi moja miaka mingi, askari humzoea na kuisahau Seneti. Caesar mwenyewe alipewa uongozi wa jeshi huko Gaul kwa miaka mitano, kisha akaongezwa mitano mingine. Alipoambiwa aache jeshi, alikuja nalo.

Machiavelli anamsifu Cincinnatus, konsuli wa zamani aliyekataa kuongezewa muda hata Seneti ilipotaka. Sababu yake ilikuwa kwamba matribuni walikuwa wamejiongezea muda, na Seneti ikiiga kosa hilo itakuwa imelihalalisha.

Machiavelli alisema pia kwamba mtu anayetaka kubadilisha utawala wa nchi na abakize angalau kivuli cha desturi za zamani, kwa kuwa watu wengi huridhika na sura ya mambo. Unaweza kuusoma ushauri huo kama msaada kwa watawala. Unaweza pia kuusoma kama onyo kwako. Kalamu ni moja, msomaji ndiye anayeamua.

Kijana aliyeuliza swali gumu

Étienne de La Boétie alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1530. Kulingana na rafiki yake, mwandishi Michel de Montaigne, aliandika makala yake kuhusu utumwa wa hiari kabla hajatimiza miaka 20. Yaani rika lako.

Wengine waliuliza jinsi mtawala anavyopata nguvu. Huyu kijana aligeuza swali. Mtawala ana macho mawili, mikono miwili na mwili mmoja. Wananchi ni maelfu kwa maelfu. Sasa macho mengine ya kuwapeleleza anayatoa wapi, na mikono mingine ya kuwapiga, kama si kutoka kwao wenyewe?

Jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni zawadi. Watawala wa Roma waliwaandalia watu karamu, michezo ya kumwaga damu, ngano, divai na pesa kidogo. Watu wakashangilia. Hawakuona, anasema La Boétie, kwamba walikuwa wanarudishiwa kipande kidogo cha mali yao wenyewe, na kwamba hata hicho kisingetolewa kama hakingechukuliwa kwanza kutoka kwao. Ukiwahi kuona watu wakikanyagana kwa pakiti ya unga na fulana ya kampeni, huhitaji maelezo zaidi.

Ya pili ni ngazi. Watu watano au sita wako karibu na mkubwa na wanakula naye. Hao wana mia sita chini yao wanaowategemea. Hao mia sita wana elfu sita, na kuendelea hivyo mpaka chini, ambapo kila mtu ana kamba ndogo inayomvuta. Kila mmoja anavumilia kukanyagwa kwa sababu naye anapata wa kumkanyaga.

Dawa yake haikuwa silaha. Alisema mtawala wa aina hiyo huanguka watu wakiacha tu kumbeba.

Hobbes: Na amani je?

Sasa, kabla hujavua kofia na kuwapigia makofi hawa wote, msikilize mtu aliyewapinga vikali.

Thomas Hobbes, Mwingereza, alizaliwa mwaka wa 1588. Aliona nchi yake ikiingia vitani yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1642, na mfalme Charles I akikatwa kichwa Januari 1649. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu chake maarufu, Leviathan.

Hobbes aliamini sehemu ya lawama ni ya vitabu vya Wagiriki na Waroma. Vijana wanavisoma, alisema, wanajazwa hadithi tamu za watu waliomuua mtawala, nao wanaona kumuua mfalme ni halali mradi umeanza kwa kumwita dhalimu. Alilinganisha hali hiyo na kuumwa na mbwa mwenye kichaa.

Hoja yake kuu ni rahisi na nzito. Kabla ya Augustus, Waroma walichinjana kwa miongo. Sulla, mmoja wa majenerali, alibandika hadharani majina ya watu wa kuuawa na mali zao kutwaliwa. Mama mwenye watoto anataka nini kwanza, kura au usiku wa kulala salama? Nguvu lazima ikae mahali pamoja, la sivyo kila mtu atakuwa adui wa kila mtu.

Kisha akatoa mfano wa kuchokoza. Mji wa Lucca, Italia, ulikuwa umeandika neno UHURU kwa herufi kubwa kwenye minara yake. Lakini, aliuliza Hobbes, mkazi wa Lucca ana uhuru gani wa kutotii sheria kumzidi mkazi wa Constantinople, anayetawaliwa na sultani? Wote wawili wanatii, wote wawili wanalipa kodi. Neno lililo ukutani halibadilishi kitu.

Mwingereza mwenzake, James Harrington, alimjibu mwaka wa 1656. Hebu tazama, alisema. Kule Constantinople, hata mkubwa kabisa wa serikali hana hakika na kichwa chake, kwa kuwa sultani akiamka vibaya kinaondoka. Kule Lucca, hata mkulima wa chini kabisa ni bwana wa kichwa chake na shamba lake, mpaka sheria iseme vinginevyo. Na sheria yenyewe imetungwa na raia ili kumlinda kila mmoja wao.

Kwa maneno mengine, wote wawili wanatii, lakini mmoja anatii kanuni na mwingine anatii hisia za mtu. Wewe ungechagua kuishi wapi?

Harrington aliongeza jambo ambalo Wakenya wengi watalielewa haraka: anayemiliki ardhi ndiye atakayetawala mwishowe, hata katiba iandikwe kwa wino wa dhahabu. Roma, kwa maoni yake, ilianza kuoza pale wakubwa walipokusanya mashamba mikononi mwao na sheria za kugawa ardhi zikapuuzwa.

Montesquieu: Tazama askari anamtazama nani

Mwaka wa 1734 kitabu kimoja kilichapishwa Amsterdam bila jina la mwandishi. Kilihusu sababu za Waroma kuwa wakubwa, kisha kuanguka. Aliyekiandika alikuwa jaji wa zamani wa Ufaransa, Montesquieu.

Yeye hakuwalaumu watu wabaya pekee. Kama si Caesar, alisema, angekuja mwingine. Roma ilijiua kwa kuwateka wengine. Majeshi yalipovuka milima ya Alps na bahari, askari walikaa miaka mingi mbali na nyumbani. Polepole wakaacha kuwa askari wa jamhuri, wakawa askari wa Sulla, wa Pompey, wa Caesar. Aliyewaahidi mashamba ya uzeeni alikuwa jenerali wao, basi waliyemtazama ni jenerali. Na katika majimbo yaliyotekwa, magavana Waroma walipora watakavyo. Montesquieu aliandika baadaye kwamba Roma ilikuwa na uhuru katikati na udhalimu pembeni. Sisi tulio wajukuu wa watu waliotawaliwa na Uingereza, nchi iliyojisifia bunge lake, tunajua maana ya kuishi pembeni.

Augustus kwake alikuwa dhalimu mjanja, aliyewaongoza watu utumwani kwa upole. Lakini jambo lililomtisha zaidi Montesquieu lilitokea baadaye, wakati wa Tiberius. Roma ilikuwa na sheria ya zamani dhidi ya uhaini, iliyowalenga waliowadhuru Waroma kwa vitendo. Tiberius hakuhitaji kuandika mpya. Aliitumia ile ile kumlinda yeye mwenyewe, hata dhidi ya maneno.

Mwaka wa 25 BK mwandishi Cremutius Cordus alishtakiwa kwa sababu, katika kitabu cha historia, alikuwa amewasifu Brutus na Cassius, wauaji wa Caesar. Caesar alikuwa amekufa karibu miaka 70 kabla. Cordus alijitetea mbele ya Seneti, akaenda nyumbani, akajinyima chakula hadi kufa. Seneti iliamuru vitabu vyake vichomwe. Bintiye Marcia alificha nakala, na baadaye vikasomwa tena.

Hakuna udhalimu mkali kuliko ule unaotendwa chini ya kivuli cha sheria, ndivyo Montesquieu alivyoona. Mtu akikukandamiza kwa rungu, kila mtu anajua. Akikukandamiza kwa kifungu cha sheria, majirani wanasema, "Lakini si alivunja sheria?"

Kuhusu kelele za siasa, yeye na Machiavelli walikubaliana. Machiavelli alisema mizozo kati ya makabwela na wakubwa ndiyo iliyozaa sheria nzuri za Roma. Montesquieu naye alionya kwamba ukiona nchi inayojiita jamhuri na kila mtu ndani yake ametulia kimya, jua uhuru haumo.

Mwaka wa 1748 aliandika kitabu kingine, kuhusu sheria, ambamo alishauri kwamba anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wasiwe mtu mmoja, ili nguvu izuie nguvu. Ukifungua Katiba ya 2010, hayo yamo: Bunge, Serikali Kuu na Mahakama, kila kimoja na sura yake. Rais naye ana mihula miwili ya miaka mitano, basi.

Usome vipi habari za siasa

Kama ungewaweka mezani Machiavelli, La Boétie, Hobbes, Harrington na Montesquieu, wangegombana mpaka chai ipoe. Lakini wote wangekubali kwamba kutaja majina ya taasisi hakutoshi. Roma ilikuwa na Seneti kabla ya Augustus na baada yake.

Kwa hivyo siku nyingine ukisoma kwamba katika nchi fulani, iwe jirani au mbali, kuna pendekezo la kumwongezea kiongozi muda "amalize kazi aliyoianza", mkumbuke Publilius Philo na uulize nani atakuja baada yake kutumia mlango huo huo. Ukisikia cheo kimeachwa lakini kazi zake zimehamishiwa ofisi nyingine, kumbuka mwaka wa 23 KK. Ukiona sheria iliyotungwa kulinda taifa inamkamata mtu aliyemkejeli mkubwa mtandaoni, kumbuka Cordus. Ukipewa kitu bure wakati wa kampeni, uliza kilichukuliwa kwa nani.

Na swali la Hobbes usilitupe. Anayekuambia uvunje kila kitu, mwulize atajenga nini kesho yake asubuhi, na nani atalinda watu usiku wa katikati. Roma ilimpokea Augustus kwa mikono miwili kwa sababu watu walikuwa wamechoka na damu. Uchovu huo ulikuwa wa kweli, na ndio aliopandia.

Waroma wa mwaka wa 14 BK walikuwa na kisingizio: wengi wao hawakuwahi kuona hali nyingine, na vitabu vilikuwa vya wachache. Wewe una Katiba kwenye simu yako, bila malipo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ina sura 18. Anza na ya kwanza, inayosema mamlaka ni ya nani.